Bi. Zinaida Botnari, Aliyekataa Darasa Lipunguzwe

Tarehe 30 Juni 2024, Bi. Zinaida Botnari atamkabidhi mlinzi funguo zake na kutoka katika Chuo cha Ualimu cha Podu Nou, baada ya kukitumikia kwa karibu miaka thelathini na tisa. Aliingia Septemba 1985 akiwa mkufunzi wa muziki na michezo ya watoto, msichana mwembamba mwenye kodiani kubwa kuliko kifua chake. Anatoka akiwa bibi mwenye wajukuu, mkufunzi wa kawaida, na mwenye onyo rasmi katika faili lake. Katikati ya hayo alikuwa mkuu wa chuo hiki kwa miaka kumi na mitano.

Kamati ya sherehe imeniomba wasifu mfupi, mchangamfu, usiogusa "mambo yaliyopita". Uchangamfu nitautoa, kwa sababu haiwezekani kufanya kazi karibu na Bi. Zinaida bila kucheka. Kuhusu ufupi, nitajitahidi. Hilo la tatu siliwezi, na kamati inisamehe. Wasifu wa mstaafu usiogusa yaliyopita utaandikwa juu ya nini? Juu ya hali ya hewa?

Mama yake alikuwa mkamuaji wa ng'ombe katika shamba la ushirika huko kaskazini, na mjomba wake alipiga kodiani harusini. Kwa mama alirithi mikono yenye nguvu, kwa mjomba akarithi tabia ya kutoweza kuona watu wamekaa kimya. Vyote viwili vilitufaa katika majira ya baridi ya miaka ya tisini, wakati mabomba ya joto yalipozimwa na wakufunzi wengi walipoondoka kwenda Italia na Moscow kutafuta maisha. Wanachuo walikaa darasani na makoti na kofia. Bi. Zinaida hakukubali wakae. Aliwafundisha mapigo ya muziki kwa kukanyaga sakafu, darasa zima, kwa nguvu, mpaka mvuke ukawatoka. Chini ya darasa hilo palikuwa na ofisi ya mhasibu. Siku moja mzee wa watu alipanda ngazi akiwa na chokaa kichwani.

"Bi. Zinaida, mnacheza au mnabomoa jengo?"

"Tunapasha moto, Bwana Mhasibu. Chini huko kuna joto?"

"Joto liko wapi!"

"Basi ingia kwenye mstari."

Akaingia. Waliokuwapo wanasema alikuwa na mguu mzuri, na tangu siku ile hakulalamika tena. Dari ya ofisi yake ilitengenezwa miaka mingi baadaye.

Mwaka 2003 alipopewa ukuu wa chuo, hakuna aliyetarajia makubwa. Mwalimu wa muziki ataongoza nini? Siku ya kwanza aliingia bwaloni, akaiona meza ya mkuu iliyokuwa peke yake dirishani na kitambaa cheupe, akaipeleka jikoni wakatie mboga. Yeye akachukua sahani yake ya mamaliga, ugali wetu wa mahindi, na jibini, akakaa katikati ya wanachuo wa mwaka wa kwanza, ambao siku ile hawakumeza kitu kwa hofu. Wiki iliyofuata walikuwa wanamwomba chumvi.

Halafu akaanzisha Alhamisi. Kila Alhamisi, mkuu wa chuo mwenyewe alivuka ua na kwenda kufundisha darasa la kwanza katika shule yetu ya mazoezi, wanachuo wakiwa wamekaa nyuma wakimtazama. Baada ya somo walitakiwa wamkosoe. Wamkosoe mkuu! Mara ya kwanza walimsifu wote, wakafukuzwa nje wakafikiri upya. Mara ya pili msichana mmoja aliyeitwa Galina alisimama.

"Mkuu, samahani sana. Umemwita Petrica mara moja tu katika somo zima."

"Ndiyo."

"Na mara hiyo moja ulimwita kumkemea."

Mimi, mkufunzi wa kazi za mikono, nilikuwa pembeni nikirekebisha mguu wa benchi, na nyundo ilinikaa mkononi. Bi. Zinaida alifikiri kidogo, akarudia somo zima kichwani, tukamwona akirudia.

"Ni kweli," alisema. "Yule mtoto atakwenda nyumbani leo akijua kwamba namfahamu kwa ubaya tu. Asante, Galina. Endelea, kuna jingine?"

Kuna jingine! Ndipo wakafunguka. Wakamwambia ubao wake haukusomeka, sauti yake iliwameza watoto wa mbele, wimbo ulikuwa mrefu. Aliyachukua yote. Nataka wasomaji wa karatasi hii walielewe jambo hili vizuri, hasa wale watakaokuja kukalia kiti kile: mwanachuo aliyemwona mkuu wake akisema "ni kweli" mbele ya watu, atakuja kulisema neno hilo mbele ya watoto wa miaka saba. Asiyeliona atalitoa wapi?

Katika miaka yake hapa, mwanachuo hakuhitimu bila kuweza kuimba kwa sauti yake yoyote aliyopewa na Mungu, kushona kikaragosi, kumfunga bendeji mtoto aliyeanguka, kulima tuta la vitunguu, na kuishi wiki kadhaa kijijini katika nyumba ya mwanafunzi mmojawapo, akila wanachokula. Wapo waliosema anafundisha watumishi wa ndani. Alikuwa na jibu moja kwa wote: "Mtoto mdogo hafundishwi na kichwa kinachoelea hewani. Mwalimu anaingia darasani mzima mzima, na miguu yake, na sauti yake, na woga wake. Sasa ni nani aliyemwandaa huyo mzima?"

Mwaka 2018 muda wake ulipofika mwisho, kamati ya uteuzi kutoka mjini ilimkalisha mbele ya meza ndefu. Nilikuwapo kama mwakilishi wa wafanyakazi, kwa hiyo sisimuliwi.

"Bi. Zinaida, katika mtihani wa maandishi chuo chako kiko nyuma," alisema mwenyekiti.

"Kiko katikati. Na walimu wetu wangapi wako bado darasani miaka mitano baada ya kuhitimu?"

"Hilo halipimwi."

"Basi lipimeni. Sisi tunawajua kwa majina."

"Bi. Zinaida, nyakati zimebadilika."

"Watoto wa miaka saba wamebadilika? Hawaogopi tena? Hawakojoi tena siku ya kwanza?"

Mwenyekiti alitazama saa. Hivyo ndivyo alivyoshushwa mtu aliyekijenga chuo hiki, kwa kutazamwa saa.

Aliyekuja ni Bwana Octavian Hanganu. Alikuwa mtu nadhifu, msemaji mzuri, mwenye bidii ya kweli katika jambo moja, nalo ni kupanda kwa jina la chuo katika orodha ya matokeo. Chumba cha muziki kikawa ukumbi wa kupokelea wageni, viti vya ngozi vikaingia, vinanda na ngoma vikarundikwa kwenye chumba cha kufulia. Kwaya ikafutwa. Bustani ikapandwa nyasi. Wiki za kijijini zikawa siku chache za kwenda na kurudi kwa basi. Alhamisi ikafa siku ile ile aliyoingia, kwa sababu Bwana Hanganu katika muda wake wote hapa hakuwahi kufundisha mtoto hata mmoja, na meza ile yenye kitambaa cheupe ikarudi dirishani.

Matokeo ya maandishi yalipanda. Nasema haki yake. Na mimi nitasema kilichoshuka, kwa kuwa hakuna aliyekipima. Baada ya baridi mbili, wanachuo waliacha kumsalimu mpishi. Walianza kunyamaza mtu mwenye suti akipita. Nilikuwa nikifundisha kushona vikaragosi, mwanachuo mmoja, binti hodari, akainua mkono: "Mwalimu, hili litakuwapo kwenye mtihani?" Nikasema hapana. Akaweka mkasi mezani, taratibu kabisa, bila ukorofi, akafungua kitabu chake cha maswali. Sikumlaumu yeye. Alikuwa anamsoma mkuu wake, kama wenzake wa zamani walivyomsoma mkuu wao.

Bi. Zinaida alibaki kama mkufunzi wa kawaida. Watu walimshangaa. Angeweza kwenda kwa binti yake Bologna, Italia, akalee wajukuu. Badala yake alishuka kwenye chumba cha kufulia, akasogeza ngoma na vinanda, akaanza kuwafundisha walioupenda muziki, baada ya saa za kazi, katikati ya mashine na mashuka ya bweni. Walikuja wachache. Mashine zikizunguka waliimba kwa mapigo ya mashine.

Sasa nafika kwenye lile ambalo kamati haitaki.

Mei 2022 walikuja wakaguzi kutoka mji mkuu, Chisinau, kutazama wanachuo wa mwaka wa mwisho wakifundisha. Mwanachuo aliyechaguliwa kufundisha darasa la kwanza aliitwa Ilinca Postolachi, binti wa kijiji cha mtoni, mwoga wa watu wakubwa na shujaa kwa watoto. Mchana wa siku iliyotangulia, nilikuwa chumba cha kufulia nikigundisha ngozi ya ngoma, Ilinca akaingia macho yamevimba.

"Mwalimu, Mkuu ameniagiza nipige simu kwa wazazi wa Rada na wa Sandu," alimwambia Bi. Zinaida. "Niwaambie kesho wasiwalete. Niseme kuna daktari anakuja kupima darasa na zamu yao ni siku nyingine."

Rada alikuwa binti mdogo wa Kiroma, kabila linalodharauliwa huku kwetu, kutoka mtaa wa kilimani, aliyeanza shule akiwa hajui vizuri lugha yetu na asiyefungua mdomo darasani. Sandu alikuwa mvulana asiyeweza kukaa. Huyo alikuwa akisoma akiwa chini ya meza, juu ya meza, na mara nyingine dirishani.

"Umepiga?" aliuliza Bi. Zinaida.

"Nimepiga. Mama yake Sandu alishukuru. Amezoea, Mwalimu, alishukuru! Baba yake Rada alisema 'sawa' tu. Hiyo sawa yake naisikia mpaka sasa."

Bi. Zinaida alikaa juu ya kapu la mashuka. Nilimfahamu miaka mingi na sikuwahi kuuona uso wake ukiwa vile. Hakupaza sauti.

"Kesho wewe unamfundisha nani?"

"Darasa la kwanza."

"Lina watoto gani?"

Ilinca aliwataja wote, mmoja mmoja, kwa vidole. Akafika kwa Rada na Sandu, akawataja na wao, akaanza kulia upya.

"Basi kesho watakuwapo," alisema Bi. Zinaida. "Hilo niachie mimi."

"Nitafeli, Mwalimu. Sandu ataruka ruka, na Rada hatasema kitu, nitafeli."

"Huenda. Ukifeli utarudia. Hakuna aliyekufa kwa kurudia."

Nakiri nilitamani amwambie kwamba yote yatakwenda vizuri. Hakumwambia, kwa sababu hakulijua hilo.

Asubuhi tulikwenda mimi na yeye kwa gari langu kuukuu. Kwa Sandu hakukuwa na kazi. Alikuwa ameshavaa na alikuwa juu ya uzio. Kwa Rada mlango ulifunguliwa na baba yake, Ruslan, aliyekuwa ametoka zamu kiwandani kwenye tanuru za mikate, unga bado uko kwenye nyusi.

"Jana mmesema asije," alisema, amesimama katikati ya mlango. "Leo mmekuja kumchukua. Mwanangu ni kiti? Mnamtoa mkitaka nafasi, mnamrudisha mkipenda?"

"Hapana," alisema Bi. Zinaida.

"Yule binti alisema kuna daktari. Daktari yuko wapi?"

"Hakuna daktari. Ulidanganywa. Kuna wakaguzi, na chuo chetu kiliona haya kuwaonyesha mwanao. Nimekuja kukuambia hivyo mlangoni kwako, kabla ya kukuomba chochote."

Ruslan alijifuta unga kwenye nyusi.

"Wewe ndiye mkuu wa pale?"

"Nilikuwa."

"Walikufukuza?"

"Walinishusha."

Hapo Ruslan akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Basi tunajuana," alisema, akageuka ndani. "Rada! Vaa viatu, unakwenda shule."

Lakini Rada alisikia kwamba kuna wageni, na hakutoka mpaka bibi yake alipomfunga utepe mkubwa mweupe kichwani. Tulichelewa kwa ajili ya utepe huo. Bi. Zinaida alishika mlango wa gari na kungoja kama anayemngoja bibi harusi.

Bwana Hanganu alikuwa amesimama mbele ya mlango wa shule ya mazoezi. Alipowaona watoto wale wawili, tabasamu lilimganda.

"Bi. Zinaida, hawa wanafanya nini hapa?"

"Wanasoma hapa."

"Tulikubaliana."

"Wewe na nani? Na wao?"

Wakaguzi walikuwa wanapanda ngazi. Bwana Hanganu alifanya haraka kunyoosha mkono ampapase Sandu kichwani, na Sandu akainama akakwepa kama anayekwepa mpira.

Nilipata nafasi nyuma ya darasa kwa sababu ya zile meza zinazohitaji kurekebishwa kila siku. Somo lilikuwa hesabu za kutoa, chini ya kumi, kwa maharage. Ilinca alianza kama alivyokaririshwa, sauti nyembamba, macho kwenye karatasi. Haikuchukua muda Sandu akawa amepanga maharage yake juu ya kichwa cha jirani. Yakamwagika. Watoto wakaenda chini kuyaokota, na somo lililofanyiwa mazoezi mwezi mzima likawa limetawanyika sakafuni mbele ya wakaguzi.

Ilinca alitazama karatasi yake, akaiweka dirishani. Akavua viatu vya visigino, akashuka sakafuni na wao.

"Haya, tumo chini wote. Nani ana kumi? Piga makofi kumi. Sandu amekula manne, Sandu tupigie manne."

"Sijayala!"

"Jifanye umeyala."

Alikuwa anatumia mchezo wa makofi aliofundishwa katikati ya mashuka. Darasa lilipiga makofi, Sandu akiwa ndiye mpiga ngoma mkuu, na kwa mara ya kwanza katika mwaka ule nilimwona akihesabu mpaka mwisho. Hata hivyo sitadai kwamba lilikuwa somo zuri. Kelele zilikuwa nyingi, wawili waligombana, na kengele ilikuwa karibu.

Kisha Ilinca akafika kwa Rada, aliyekuwa bado kwenye kiti chake, mikono chini ya meza, utepe wima. Akachuchumaa mbele yake, akaweka maharage kumi, akamuuliza yakitolewa manne yanabaki mangapi. Rada hakusema kitu. Ilinca akangoja. Nimefundisha maisha yangu yote na najua ugumu wa kungoja mbele ya watu wenye kalamu. Bwana Hanganu alikohoa. Akakohoa tena. Ilinca akaendelea kungoja. Mkono mmoja ukatoka chini ya meza, ukasukuma maharage manne pembeni, na ukayafunika sita kwa kiganja.

"Sita," alisema Ilinca kwa darasa zima. "Rada amesema sita."

Kengele ikalia. Zoezi la kuandika halikufanyika.

Mkaguzi mmoja, mwanamke mwenye mvi, akasimama akapita katikati ya meza. Kila meza ilikuwa na kadi ndogo yenye jina la mtoto na picha aliyoichora mwenyewe au mwenzake.

"Kila meza ina jina," alisema. "Kwa nini hizi mbili hazina?"

Bwana Hanganu alijibu kwa wepesi uliopita kiasi. "Hao ni wageni, Mheshimiwa. Wametutembelea leo tu."

Niliona mgongo wa Bi. Zinaida ukinyooka mlangoni. Alivuta pumzi aseme, lakini hakuwahi. Msichana wa meza ya mbele alikwisha kugeuka.

"Si mgeni! Huyu ni Sandu. Jana amenimwagia kompoti ya matunda kwenye sketi."

"Nilikuomba msamaha," alisema Sandu.

"Na Rada anakaa na mimi," mwingine alidakia. "Kadi yake ina ua. Ua nimemchorea mimi. Jana ilikuwapo."

Mkaguzi alimtazama Bwana Hanganu. Bwana Hanganu alimtazama Ilinca, na sote tulielewa mtazamo ule ulimtaka aseme nini. Binti yule alikuwa bila viatu, maharage yamenasa kwenye soksi, miaka yake minne ya masomo imesimama mbele yake.

"Nilizitoa mimi," alisema. "Niliagizwa nizitoe, nikazitoa. Wote wawili ni wa darasa hili." Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kadi mbili zilizokunjika, akaenda akaziweka kila moja mezani pake. Ya Rada aliinyoosha kwa kiganja kwanza.

Mngependa niseme haki ilitendeka? Sikilizeni haki ilivyotendeka. Ripoti ilikuja ikisema chuo kiboreshe maandalizi ya kadi za majina. Kadi! Ilinca alipewa sita kati ya kumi kwa kutokamilisha somo. Bi. Zinaida aliandikiwa onyo kwa kuvuruga ukaguzi, na vipindi vyake vikapunguzwa. Na Bwana Hanganu, aliyewafundisha wanachuo wetu kwamba mtoto anayekuharibia sifa hufichwa, alipandishwa cheo mwaka uliofuata, akahamia ofisi inayosimamia mafunzo ya walimu wa wilaya zote za upande huu. Tulimwandalia chakula cha kuagana. Plachinta, zile chapati zetu za kujazwa jibini, zilikuwa nzuri. Bi. Zinaida hakwenda, na mimi nilikwenda kuzila tu.

Nina hasira, na siioni sababu ya kuificha siku ya sherehe. Kila mwaka tunawapeleka vijijini vijana ambao watakabidhiwa watoto wa watu nyuma ya mlango uliofungwa, bila shahidi. Watakachokifanya humo wanakiona kwanza hapa, bwaloni, kwenye korido, kwa namna mkuu anavyomjibu mfagiaji na namna anavyomtendea mtoto asiyempendezesha. Kumpa ukuu wa chuo mtu ambaye hajawahi kuchuchumaa mbele ya mtoto ni kuwadharau watoto hao wote kwa mkupuo mmoja. Na aliyefanya hivyo alikuwa akitazama saa.

Lakini wiki moja baada ya ukaguzi ule, nilishuka chumba cha kufulia nikakuta hapana pa kukanyaga. Walikuwa wamejaa mpaka kwenye ngazi. Binti yule hodari wa mkasi alikuwa amekaa juu ya mashine ya kufulia. "Mwalimu," aliniuliza, "vile vikaragosi unaweza kunifundisha kuanzia mwanzo?" Sikumuuliza kama vitakuwa kwenye mtihani.

Anayekaimu ukuu sasa ni Bwana Anton Vrabie, mkufunzi wetu wa hesabu, mtu mpole anayeona haya hata kuomba chaki. Siku ya kwanza alimwendea Bi. Zinaida, mbele yetu, akamuuliza aanzie wapi.

"Alhamisi nenda ukafundishe darasa la kwanza," aliambiwa. "Na uwaruhusu wakukosoe."

"Sijawahi kufundisha watoto wadogo, Bi. Zinaida. Nitaaibika."

"Utaaibika sana. Ndiyo kazi yenyewe."

Alikwenda. Ilikuwa balaa. Watoto walimpanda mabegani, chaki ikamwingia puani, na wanachuo wakamkosoa mpaka chakula cha mchana. Aliyapokea yote, amelowa jasho, akisema "ni kweli, ni kweli". Alhamisi iliyofuata akarudi.

Mimi kwa upande wangu nimekwenda ofisini mara nyingi kuomba lile onyo lifutwe kabla hajastaafu. Nimeambiwa utaratibu hauruhusu. Nilipomweleza mwenyewe, kwa ghadhabu, alicheka mpaka akafuta macho.

"Pavel, acha. Mkuu yule alinipa kitu kimoja tu nilichokistahili. Usiwaombe wakichukue."

Basi limebaki humo, na mkuu yeyote atakayefungua faili hilo alisome.

Ilinca Postolachi anafundisha ng'ambo ya mto, shule ndogo ya madarasa mawili. Rada na Sandu wanamaliza darasa la tatu. Sandu sasa anakaa, mara nyingi. Rada anaongea, na walimu wake wanasema wakati mwingine wanatamani anyamaze kidogo.

Bi. Zinaida, kwa niaba ya wakufunzi, wapishi, wafagiaji na wote waliowahi kukanyaga sakafu kwa amri yako, asante. Asante kwa kula na sisi. Asante kwa kubaki ulipokuwa na kila sababu ya kuondoka, na kwa kugonga mlango ule na kusema ukweli kabla ya kuomba. Mumeo Tudor anakungoja kwenye mizabibu, na wajukuu wa Bologna watakuja kiangazi. Tunakuombea magoti yasiyouma, Aprili isiyo na barafu, na nyumba yenye kelele. Lala asubuhi mpaka utakapochoka kulala. Usituhofie, wala usijisumbue tena kukasirika kwa ajili yetu. Hasira tuachie sisi. Bado tuna kazi nayo.

Pavel Tibuleac
Mkufunzi wa kazi za mikono